Mchenza wa Getini

"Hivi jirani, huo mchenza wenu una kesi gani? Mbona kila baada ya miezi mitatu unabadilishiwa kitambulisho?"

Jirani mfuga kuku aliuliza hivyo siku moja juu ya ua, mikono imejaa mayai, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu. Aliyeulizwa alikuwa Mama Mizani. Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, kwenye kiti cha mbao pembeni ya geti, akifuta sahani ya mizani kwa kitambaa. Hakujibu upesi. Alikuwa mtu wa kusikia kwanza, kisha kutazama, na kusema baadaye kama bado kuna haja.

"Kitambulisho gani?"

"Hicho kibao cha bati. Leo kina kisu. Wakati ule wa machenza kuiva kilikuwa na mkasi. Na kabla ya hapo, kama macho yangu ni mazima, kilikuwa na miwani. Nikasema labda mti unaumwa, mnautibu."

Mama Mizani aligeuza shingo. Mchenza ulikuwa nyuma ya kiti chake, hatua sita tu, na kwa sababu ulikuwa nyuma yake alikuwa hautazami. Kweli, kibao kilikuwa na kisu. Chini ya kibao hicho kulikuwa na msumari mwingine, wa zamani sana, gome limeumeza hadi kichwani. Aliinuka, akaugusa kwa kidole gumba, kisha akaondoa mkono.

"Asante jirani," alisema. "Mayai umeuza bei gani leo?"

Jirani alielewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Shamba lao lilikuwa la kujichumia. Mtu anaingia getini na kikapu chake, anazunguka mwenyewe, anachuma mwenyewe, kisha anapita kwa Mama Mizani kupimiwa. Wakati wa baridi kulikuwa na stroberi, joto likija ni mapera, na katikati ya mwaka machungwa na machenza. Lakini kilichowaweka mjini, kama wanavyosema watu, ni wenye miti. Miti thelathini na sita ilikuwa na wenyewe wa mwaka. Mwenye mti analipa mara moja, kisha mti ni wake mwaka mzima. Anakuja kuona maua, anakuja kukaa kivulini, anakuja kuchuma. Kila mti ulikuwa na kibao chenye alama ya mwenyewe, si jina, kwa sababu mchoraji alikuwa Bibi, mama mzazi wa mwenye shamba, ambaye herufi hakuwahi kukutana nazo lakini kuku akimchora unasikia akilia.

Kabla ya wenye miti kulikuwa na mchuuzi wa lori. Huyo alikuwa akinunua matunda yakiwa bado juu ya mti, bila kushuka kwenye lori, akionyesha mti kwa ncha ya kiatu alichokitoa dirishani: huu, na huu, ule hapana. Mchuuzi huyo alikuwa akimwita mwenye shamba "kijana" ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mdogo. Hadi leo mchuuzi alikuwa akisimama getini kila msimu, injini inanguruma, akiuliza, "Hamjachoka tu?" Na Mama Mizani alikuwa akimjibu, "Kwa rehema za Mungu, bado."

*

Vibao vingine viwili Mama Mizani alivikuta stoo, nyuma ya gunia la mbolea, vimefungwa vizuri ndani ya gazeti. Miwani na mkasi. Akavipeleka jikoni, akaviweka mezani kati ya sufuria na chumvi.

Bibi alikuwa amekaa hapo akichambua mchele. Alivitazama kama mtu anayekutana na wajukuu.

"Hiyo miwani niliichora vizuri," alisema.

"Mama, ulijua hivi vyote ni vya mti mmoja?"

"Mimi niliambiwa nichore, nikachora. Nilidhani ni miti mitatu. Sikuulizwa hesabu."

Mwenye shamba aliingia akipangusa miguu mlangoni. Watu walimwita Bwana Sawasawa. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa sababu lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Ukimwomba ngazi, sawasawa. Ukimwomba ngazi ile ile mwingine ameshaiomba, sawasawa. Hakuwa mwongo kwa moyo. Alikuwa hawezi tu kumtazama mtu usoni akamnyima kitu. Uso wa mtu ulipoanza kuanguka, yeye alikuwa anaudaka.

Aliona vibao. Akatazama mlango aliotokea.

"Kaa, baba watoto," alisema mkewe.

"Nimesimama tu, nina kazi ya bomba."

"Kaa."

Akakaa.

"Huu mti wa getini umeuuza mara ngapi?"

"Sijauuza mara tatu," alisema Bwana Sawasawa, "kama ndivyo unavyofikiri. Nimeuuza mara moja, kwa vipande vitatu."

Bibi aliacha mchele asikilize.

"Tazama," aliendelea, akavipanga vibao kama karata. "Mwalimu mstaafu ana kisukari. Chenza haligusi. Anataka maua yanukie, akae kivulini asome. Fundi cherehani yeye anataka matunda, maua yanawapigisha watoto wake chafya. Mzee wa vijiko hana habari na maua wala matunda, anataka matawi tunayokata wakati wa kupogoa, mti wa mchenza unatoa mwiko mzuri. Mungu ameupa mti mmoja vitu vitatu, na kila kitu kina mtu wake na msimu wake. Hawakutani hata siku moja. Sasa mimi kosa langu nini?"

"Kila mmoja ulimwambia nini?"

"Nilimwambia..." Alikuna shingo. "Kwamba mti ni wake."

"Wote watatu."

"Walifurahi kweli. Ungewaona."

Mama Mizani hakupandisha sauti. Hakuwa na sauti ya kupandisha. "Miaka tisa nimekaa pale getini," alisema. "Mtu akiniuliza kama mizani yangu ni sawa, namwambia hapa hatudanganyi watu. Namwambia hivyo nimeupa mgongo mti wenye wenyewe watatu. Watu hawa wakijua, wataondoka. Wakiondoka watatu, wa nne atajiuliza kibao chake kinalala wapi usiku. Na wakiondoka hao, sisi tutarudi kuchaguliwa kwa kiatu. Unataka kurudi kuchaguliwa kwa kiatu?"

"Sitaki."

"Basi utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kila mmoja atakapokuja kwa msimu wake. Mimi sitakusemea."

"Sawasawa," alisema Bwana Sawasawa, na Bibi akarudi kwenye mchele wake, kwa sababu ndiye aliyemzaa.

*

Mzee wa vijiko alikuja wiki ile ile, kupogoa kukiwa bado kunaendelea. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye msumeno mdogo uliofungwa kitambaa kama mtoto. Alichagua matawi yake moja moja, akiyapigapiga kwa ukucha na kuyasikiliza.

Mama Mizani alimtazama mumewe akimwendea. Aliwaona wakisimama, mumewe akishika kiuno, akisafisha koo, akionyesha mti, kisha akionyesha mbingu. Mzee akaweka mkono kifuani. Mumewe akarudi anatembea upesi.

"Umemwambia?"

"Nimeongea naye."

"Kasema nini?"

"Anashukuru sana." Bwana Sawasawa alitazama viatu vyake. "Nilipoanza tu kusema kuhusu mti, akasema ana mashaka, siku mti ukizeeka shina lake litakwenda wapi. Macho yake yalikuwa hivi. Nikamwambia shina ni lake pia."

"Umempa na shina."

"Siku ukizeeka."

Baada ya miezi miwili maua yakaja. Ulipoingia getini harufu ilikupokea kabla ya mtu. Kibao cha kisu kilikwenda stoo, kibao cha miwani kikatoka, na mwalimu mstaafu akafika na kitabu chake na chupa ya chai isiyo na sukari. Alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali, na aliposalimia ulihisi unapaswa kusimama.

Safari hii Mama Mizani alimsindikiza mumewe hadi nusu ya njia. Akarudi kwenye mizani, akasubiri. Chini ya mti mwalimu aliongea, mumewe akaitikia kwa kichwa. Mwalimu aliongea tena, mumewe akaitikia tena. Mtu anayeungama, aliwaza Mama Mizani, ndiye anayepaswa kuongea.

"Haya," alimwambia aliporudi.

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Mwalimu anaona ni aibu wenye miti hawafahamiani. Anasema tuwe na siku moja, wakati wa machenza kuiva, wenye miti wote waje pamoja. Wafahamiane, wanywe juisi, wahuishe mwaka wao pale pale."

"Wote."

"Wote, wa miti yote thelathini na sita. Yeye ndiye atakayetoa hotuba."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Hakuhitaji kujibu. Bibi, aliyekuwa anapita na ndoo, alijibu badala yake: "Sawasawa."

Zamu ya fundi cherehani ilifika machenza yakiwa bado ya kijani, madogo kama vifungo vya koti. Alikuja kukagua. Alikuwa mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, pini mdomoni hata akiwa safarini, na watoto watano nyuma yake waliojua kwamba mti ule ni wao kama wanavyojua majina yao. Mdogo wao aliusalimia mti. Aliuamkia kabisa, kama mtu mzima, "Shikamoo mti," na Mama Mizani alipoona hivyo akainamisha kichwa juu ya mizani, akajifanya anatafuta kitu.

Bwana Sawasawa alirudi kutoka kwa fundi akiwa amenyoosha mikono pembeni kama mtu aliyelowa.

"Umemwambia?"

"Amenipima shati."

"Amekupima nini?"

"Shati. La shukrani. Alinikamata kabla sijafungua mdomo, akaniambia nisimame wima. Mke wangu, mtu akiwa anakupima shingo, utamwambiaje neno kama lile? Ana mkasi mkononi."

Mama Mizani alimtazama kwa muda mrefu. Miaka ya nyuma kutazama kwake kulikuwa kunamfanya mumewe aseme kila kitu. Siku hizi kulikuwa kunamfanya atafute bomba la kurekebisha.

"Siku ya mwalimu ikifika," alisema taratibu, "kama hujasema, mimi sitasema. Lakini sitaficha pia."

Mumewe hakuelewa maana yake. Akasema sawasawa.

*

Mwaka huo mvua iligoma, kisha ikaja yote kwa mkupuo. Michenza iliyokuwa imekaa na kiu ilinywa hadi ikachanganyikiwa. Ule wa getini, ukiwa bado umebeba matunda yake mekundu ya kuiva, ukatoa maua upya, matawi yote, kama mtu aliyevaa nguo za sikukuu juu ya nguo za kazi. Kisha tawi lake kubwa la upande wa njia likalemewa na uzito, likapasuka kwenye kikwapa, likabaki linaning'inia kwa nyama.

Bwana Sawasawa alisimama chini yake asubuhi akiwa na kalenda yake kichwani, na kalenda ikafa. Maua ya mwalimu yalikuwa pale, matunda ya fundi yalikuwa pale, na mbao za mzee wa vijiko zilikuwa zinaning'inia wazi. Tena habari za maua na tawi zilikuwa zimeshafika mjini, kwa sababu mwalimu, fundi na mzee wa vijiko wote walinunua mayai kwa jirani.

Jumamosi ya wenye miti ilikuwa kesho yake.

Jumamosi hiyo Mama Mizani aliamka mapema, akasali, akakaa kidogo zaidi baada ya sala kuliko kawaida. Kisha akachukua ngazi, nyundo na vibao vyote vitatu. Alipanda, akavipigilia kwenye shina, juu ya kichwa cha mtu mrefu, kimoja chini ya kingine: miwani, mkasi, kisu. Aligonga misumari minne kila kibao. Akashuka, akarudisha ngazi stoo, akafunga kwa kufuli, akaweka ufunguo ndani ya mkunjo wa khanga. Akaenda kukaa kwenye mizani.

Bwana Sawasawa alitoka ndani amevaa shati lake jipya. Lilikuwa zuri kweli, la mistari, lenye mfuko. Alifika nusu ya uwanja, akasimama.

"Mama watoto."

"Naam."

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Ngazi iko wapi?"

"Imepumzika."

Alitazama njia. Hakukuwa na mtu bado. Akachukua koleo la waya, akaliuma kwa meno, akapanda mti na kandambili zake miguuni. Mchenza si mti wa kupandwa na mtu mzima. Una miiba inayokaa kimya mpaka uamini haipo. Aliuma koleo, akaguna, akapanda, akafika kwenye vibao kwa upande wa juu, akakaa kwenye tawi zima, mguu mmoja juu ya lile lililopasuka, ili apate pa kujishikilia. Msumari wa kwanza ulikuwa haujatikisika hata kidogo aliposikia geti.

Wastaafu huwahi. Mwalimu aliingia, suruali ina makali, karatasi ya hotuba mkononi, akamsalimia Mama Mizani.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, mwalimu. Karibu."

"Bwana yupo?"

Mama Mizani alifikiri. "Yupo shambani," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Mwalimu akaenda akakaa kwenye benchi lake, mgongo kwenye shina, vibao vitatu juu ya kichwa chake, akavuta pumzi ndefu ya maua, akafunga macho kwa raha. Kisha akaanza kujisomea hotuba kwa sauti ndogo. "Ndugu wenye miti. Uaminifu ni kitu kigumu kukipata..."

Juu ya tawi Bwana Sawasawa hakupumua.

Fundi cherehani alifuata, na watoto watano, na vikapu sita. Nyuma yao watu walianza kumiminika, wenye michungwa, wenye mipera, kila mtu akielekea kwenye kibao chake. Fundi alifika chini ya mchenza, akaona mzee amekaa.

"Shikamoo mwalimu. Umependa kivuli chetu?"

"Marahaba. Kivuli chenu?"

"Mti wetu huu. Kaa tu, hatuna ubaya. Watoto, chumeni."

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kabla hajajibu, mtoto mdogo, yule aliyeamkia mti, akavuta gauni la mama yake.

"Mama, mti wetu una miguu."

"Mashina, mwanangu. Mguu wa mti unaitwa shina."

"Una miguu. Na kandambili."

Kandambili moja, kama iliyoitwa, ikateleza, ikaanguka juu ya hotuba ya mwalimu, palepale penye uaminifu.

Hakuna aliyeangalia juu bado, kwa sababu wakati huo huo mzee wa vijiko alikuwa amefika kwa upande wa njia, kimya kama kawaida yake, akaliona tawi lililopasuka, akalipiga kwa ukucha, akalisikiliza. Akafungua msumeno wake. Akauweka.

"Subiri kidogo, mzee," tawi lilisema.

Mzee wa vijiko alikuwa ameongea na mbao maisha yake yote, na ilikuwa mara ya kwanza kujibiwa. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Shuka, bwana," alisema mwalimu, bila kuinua uso. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mitano na alijua mtu aliye juu ya mti ana hali gani. "Taratibu. Usivunje kitu."

Bwana Sawasawa alishuka. Shati lilibaki nyuma kidogo, likanyooka, likaamua kupasuka kutoka kwapa hadi kiunoni. Fundi alisikia mshono wake ukiachia akafumba macho. Bwana Sawasawa alisimama mbele yao na kandambili moja, koleo limerudi mdomoni, ua limemkaa nyweleni. Hapo ndipo watu wote watatu walipoinua vichwa wakaona vibao.

Walivisoma. Havikuwa vigumu kusoma.

"Toa koleo," alisema mwalimu.

Alilitoa. Akaeleza. Alieleza kuhusu vipande vitatu, kuhusu kisukari na chafya na mwiko, na jinsi Mungu alivyoupa mti vitu vitatu, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kusogea. Nyuma ya kundi mtu mmoja mwenye mchungwa aligeuka ghafla akaenda kuuzunguka mti wake, akitazama kila upande wa shina. Mwingine akamfuata. Kwa dakika chache shamba zima lilikuwa na watu wanaozunguka miti yao, wengine wanapapasa magome, mama mmoja ameinama anatazama hadi mizizini.

Getini lori lilikuwa limesimama. Mchuuzi alikuwa ameshusha kioo, kiatu kiko tayari.

"Mama," mwalimu alimgeukia Mama Mizani. "Wewe ulijua?"

Aliinuka kwenye kiti. Watu walimpisha. "Nilijua tangu kupogoa," alisema. "Vibao nimevipigilia mimi leo alfajiri. Nilitaka aseme mwenyewe, nikangoja, na nilivyokuwa nangoja na mimi nikawa nimewaficha. Kwa hilo nimekosa mbele ya Mungu na mbele yenu. Anayetaka fedha yake atarudishiwa leo. Na kama mnaondoka, geti lile hapo, sitawashika mikono."

Watu waligeuka kutazama geti. Mtoto mdogo aliendelea kula chenza.

"Mimi hicho kisu," fundi alisema hatimaye, akivitazama vibao, "sikijui. Lakini maua kweli siyataki. Yakianza hawa watoto wangu wanakuwa kama injini." Alianza kucheka, kwanza mabegani, kisha tumboni. "Nimemshonea mtu shati kwa kuniibia mti."

"Kuazima," alisema Bwana Sawasawa kwa sauti ndogo.

"Wewe nyamaza. Uko uchi upande mmoja."

Mzee wa vijiko akasogea. "Mimi nataka tawi hili tu," alisema, na hayo yalikuwa maneno mengi kwake. "Na shina, siku ukizeeka. Aliniahidi."

"Shina pia," alisema mwalimu, akikunja hotuba yake mara nne. "Mama, mimi mwakani nabaki. Lakini alama yangu na mapatano yangu nitayafanya na wewe pale kwenye mizani. Huyu sitaki aniambie hata saa ni ngapi."

Fundi yeye alihama. Alichagua mti wa tatu kutoka kisimani, wenye matunda mengi zaidi na maua machache, na watoto wake wakaenda kuusalimia, ingawa yule mdogo alilia kidogo. Wengi walihuisha. Watatu hawakuhuisha, wakaondoka na vikapu vyao vimejaa, na mmoja wao hakutoa hata salamu. Mchuuzi wa lori alingoja, akatazama saa, akapandisha kioo, akaenda zake bila kuuliza kama wamechoka.

*

Mchana watu walipokuwa wanakunywa juisi, Bwana Sawasawa alirudiwa na damu. Alikuwa amefunga shati lake kwa pini tano za fundi. Alisimama chini ya mchenza, akanyoosha mkono.

"Ndugu zangu, nimejifunza," alisema. "Kuanzia leo neno langu ni moja. Nikimwambia mtu mti ni wake, ni wake."

Watu wakapiga makofi, wengine kwa huruma.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi na glasi yake. Alisubiri makofi yaishe.

"Na huu msumari wa chini," aliuliza, akiugusa kwa fimbo, "huu uliomezwa na gome, ulikuwa wa kibao cha nani?"

Bwana Sawasawa aliinama akautazama. "Huo ni wa zamani, mama. Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Kilikuwa kibao changu cha kwanza, mkono ulikuwa bado unatetemeka. Nilichora kikapu. Wewe ndiye uliyeniomba, mwaka uliomleta huyu mke wako hapa, mti ukiwa na unene wa mkono tu. Ulisema ni wa kwake, mtu mwingine hataugusa. Mwaka juzi ulikitoa ukaweka miwani."

Watu waligeuka kumtazama Mama Mizani. Yeye alikuwa ameketi anafuta sahani ya mizani, kama siku ile ya mayai, na alikuwa anaifuta mahali pamoja tu.

Bwana Sawasawa alifungua mdomo. Alimwendea mkewe hatua tatu, nne, kandambili moja ikilia na nyingine haipo.

"Mama watoto," alisema. "Nisikilize. Huu mti ni wako. Kuanzia leo. Mbele ya watu wote hawa."

Mama Mizani alimtazama, na safari hii hakumtazama kwa muda mrefu.

"Sawasawa," alisema.

Akakunja kitambaa, akakiweka juu ya mizani. Akachukua kikapu. Akaenda chini ya mchenza, akachuma yale mekundu ya upande wa jua, moja moja, na kikonyo na jani, mpaka kikapu kikajaa. Akakiinua kichwani, akapita mbele ya mizani bila kupima, kama mwenye mti yeyote, akafungua geti, akatoka.